Uungwana Kabla ya Saa Kumi

Benchi la fundi viatu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, umebanwa kati ya kibanda chake na duka la fundi cherehani, mahali ambapo barabara inakata kona na kila apitaye hana budi kupunguza mwendo. Walipachagua makusudi, maana mtu akipunguza mwendo mnapata nafasi ya kumsema. Wenye benchi ni watatu. Fundi viatu mwenyewe anaitwa Gundi, kwa kuwa vidole vyake vimeshika weusi wa gundi mpaka sabuni imekata tamaa. Fundi cherehani anaitwa Rula, mwembamba, amenyooka, na hajawahi kukubali kwamba amekosea kipimo. Wa tatu ni Breki, dereva wa malori mstaafu, mwenye tumbo la heshima, ambaye kila siku saa nane mchana hufika na chupa ya kahawa kwapani. Bila yeye kumimina hakuna anayeruhusiwa kuanza ubishi, na kahawa ikiisha ubishi nao umekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Hiyo ndiyo katiba yao na wanaiheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu zao.

Siku hiyo kahawa ilishamiminwa na bado wote watatu walikuwa kimya. Walikuwa wanatazama jozi ya viatu vyeusi juu ya meza ya Gundi. Viatu vyenyewe vilikuwa vya Zege.

Zege alikuwa wa benchi hilihili. Kibarua wa kuchanganya zege, mtu wa matusi na mate, akicheka paka wa jirani anahama. Kisha akapotea miezi minne, ikasemekana amepewa usimamizi wa vibarua kwenye jengo moja huko mbele. Leo asubuhi, Breki naye akiwa amepita kuwasalimia, Zege alitokea kwenye kona, shati limenyooshwa chini ya koti, ndevu zimechongwa, akaleta viatu vibadilishwe soli. Lakini si hayo yaliyowaziba midomo. Alimpa Gundi mkono, akaushika ule mkono wa gundi bila kuangalia kama umemchafua, akauliza, "Mgongo wako unaendeleaje, kaka?" Halafu akasimama. Akasubiri jibu. Gundi, ambaye kwa miaka mingi amezoea kuulizwa habari na mtu aliyekwisha kumpa kisogo, alibabaika mpaka akajibu, "Mgongo upo." Zege akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, akashukuru kwa kazi ambayo haijafanywa, akaondoka.

Breki ndiye aliyefungua kikao.

– Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja, alisema. Nimeona mlima ukiporomoka barabarani. Sijaona kitu kama kile.

– Alisubiri jibu, alisema Gundi polepole. Mlimwona? Alisubiri.

– Nilimwona, alisema Breki. Nilisisimka mwili.

– Ni nguo, alisema Rula. Wala msijisumbue. Mkono wa lile shati unaishia kifundoni, upana wa kidole kimoja tu unachungulia nje ya koti. Ukivaa shati namna ile, adabu inakuja yenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kila kitu kiko kwenye nguo.

– Hiyo inahusu adui, Rula, alisema Breki.

– Sasa adui akiwa nguoni, rafiki atakuwa wapi? Si humohumo?

Gundi hakucheka, na alikuwa na sababu. Binti yake wa kwanza anahitimu uuguzi Jumamosi. Chuo kinatoa viti viwili kwa kila mhitimu, na majina ya wageni yanapokelewa ofisini leo, mwisho saa kumi. Jana, wakati wa kula, mkewe alimwambia, huku akiangalia sufuria badala ya kumwangalia yeye, kwamba binti ameandika jina la mama yake na la baba yake mkubwa. Huyo baba mkubwa ni kaka yake Gundi, mtu wa ofisini, hutembea na kalamu mbili mfukoni. Gundi alisema "sawa" na kuendelea kula. Iliuma sana. Tangu jana anajiambia kwamba mtoto hajakosea, nani atake kukalisha mikono kama ile mbele ya wakuu wa chuo.

– Nguo si kitu, Breki alikuwa anaendelea. Mimi nimesikia liko darasa. Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Unaingia pale mshenzi, wiki sita unatoka jentelmani. Wanakufundisha kupiga chafya bila sauti.

– Inakwenda wapi? aliuliza Rula.

– Nini?

– Ile sauti.

– Unaimeza. Ndiyo maana mwezi wa kwanza wanapungua uzito. Na wanafundishwa kula ndizi kwa kisu na uma. Haba na haba hujaza kibaba. Muungwana anakula haba, haba, kibaba kinajaa chenyewe na hakuna aliyemwona akitafuna.

– Sasa hilo nalijua vizuri kukuzidi, alisema Rula, ambaye dakika moja iliyopita hakulijua kabisa. Mtihani wa mwisho unapanda ngazi zote tatu na glasi ya maji imejaa pomoni. Likimwagika tone, unarudia wiki sita. Mteja wangu mmoja ameanguka mara nne. Sasa hivi ana miguu ya mwanariadha lakini adabu bado.

– Na kicheko, alisema Breki, akashusha sauti. Mmemsikia Zege akicheka leo?

Walifikiri. Kweli, alikuwa ametabasamu tu.

– Wanakitoa. Unaingia chumba kimoja kina pazia zito, unacheka mara ya mwisho, unakiacha humo. Kile kicheko cha Zege cha kuhamisha paka kiko kule ghorofani. Siku ya kuhitimu unapewa kingine, kidogo, cha puani.

Rula alisahau kubisha. Walikunywa kahawa wakiliwazia lile pazia. Gundi aliona nywele za mikononi zimemsimama, na katikati ya hofu hiyo akahisi tamaa. Kama mtu kama Zege ameweza kutengenezwa upya, basi ulimwengu huu una mafundi.

– Wiki sita haziwezi kufupishwa? aliuliza.

Wenzake wakamgeukia.

– Zifupishwe mpaka lini? aliuliza Breki.

– Mpaka saa kumi.

Mficha uchi hazai. Gundi aliwaeleza yote, viti viwili, kaka yake wa kalamu mbili, sufuria ambayo mkewe aliitazama. Alieleza akiwa ameinamia kiatu cha Zege, anakwangua gundi iliyobaki pembeni mwa soli mpya, kwa sababu maneno mengine hayatoki mtu akiwa ameinua uso. Alipomaliza, Breki alimwongezea kahawa kabla zamu yake haijafika, na katika katiba yao hilo si jambo dogo.

– Saa ngapi sasa? aliuliza Rula.

– Saa nane na nusu.

– Chuo kiko mwendo wa dakika ishirini. Tukimaliza saa tisa na nusu unatokea getini umeshakuwa jentelmani, binti anakuona, anafuta jina la kaka yako kwa mkono wake mwenyewe. Simama nikuone.

Gundi alisimama. Rula akamzunguka mara mbili na utepe wake wa kupimia, akitikisa kichwa.

– Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Huyu ameshakauka. Lakini tutajaribu.

Alimletea koti la mteja mmoja aliyesafiri, likamkaa kama limekatwa kwa ajili ya mtu mwenye shingo fupi. Suruali ya mteja huyohuyo ilipita. Ikabaki miguu. Gundi alikuwa na ndara za mpira, moja imefungwa kwa waya. Wote wakatazama mezani kwa pamoja.

– Sivai viatu vya mteja, alisema Gundi. Miaka yote hii sijawahi.

– Soli umeshaweka?

– Nimeshaweka.

– Basi fundi lazima ajaribu kazi yake, alisema Breki. Dereva hakabidhi lori hajalizungusha.

Lilikuwa kosa, na Gundi alilijua hata wakati kisigino kinaingia. Lakini viatu vilimkaa sawasawa. Alipofunga kamba, alihisi jambo la ajabu miguuni: vilikuwa vimelainika mahali pasipo kawaida. Aliinama akavichunguza, maana fundi viatu anasoma kiatu kama mganga anavyosoma ulimi. Mtu wa kiburi humaliza kisigino kwa nyuma, na mtu wa wasiwasi humaliza soli pembeni. Hivi vilikuwa na mikunjo mirefu pale vidole vinapoanzia, imeingia ndani kwenye ngozi.

– Huyu mtu anachuchumaa, alisema Gundi kwa mshangao. Anachuchumaa mara nyingi sana.

– Muungwana hachuchumai, alisema Rula.

– Ngozi haidanganyi. Anachuchumaa kila siku.

– Ni darasani, alisema Breki baada ya kuwaza kidogo. Wanawaanzisha wakiwa wamechuchumaa, mtu anajifunza kwanza unyonge, halafu wiki kwa wiki wanamwinua. Ndiyo maana wakitoka ni warefu.

Hakuna aliyepinga. Lilikuwa jambo zito na lilielezea mengi.

Wakaanza mafunzo. Gundi alitembea kutoka benchi mpaka nguzo ya umeme na kurudi, kidevu juu, mikono imelegea kama Zege. Wapita njia walipunguza mwendo kuliko kawaida.

– Taratibu, alisema Breki. Mwenda pole hajikwai.

Gundi akajikwaa.

– Hiyo ilikuwa haraka, alisema Breki bila kutetereka. Rudia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tembea kama mtu ambaye hatembei.

– Sasa salamu, alisema Rula. Mimi ni mkuu wa chuo. Nakuja kwako, nakupa mkono. Unasemaje?

Gundi alivuta pumzi, akaunyoosha mkono, akatabasamu kwa upole mkubwa.

– Karibu. Ni kisigino au soli?

Breki alilazimika kuweka kikombe chini. Lakini Rula hakukata tamaa, wala Gundi. Alirudia mara tatu, nne, tano. Mara ya sita alisema "Nimefurahi kukufahamu, mkuu," kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, na kwa kitambo kidogo wote watatu walimwona: mtu mrefu kidogo kuliko Gundi, ametulia, amesimama ndani ya viatu vinavyong'aa. Rula alishusha utepe. Breki alisema polepole kwamba huyu sasa anafanana na watu. Moyo wa Gundi ulimjaa. Aliona kiti, safu ya tatu kutoka mbele, na yeye amekikalia.

– Hivyo viatu si vya mume wangu?

Mwanamke alikuwa amesimama upande wa nguzo na kapu mkononi. Walimfahamu, ni mke wa Zege, ila hakuwahi kukaa benchini. Haikujulikana amesimama pale kwa muda gani. Gundi alitamani ardhi ipasuke. Aliinama kuvua, kamba ikajifunga fundo.

– Shemeji, nisamehe. Nilikuwa najaribu soli.

– Mpaka kwenye nguzo mara nane?

Mtu akikutwa namna hiyo ana mawili, kudanganya tena au kusema kweli, na Gundi alikuwa amechoka. Akasema kweli. Alimweleza habari ya viti viwili, ya kaka yake, ya saa kumi, na ya jinsi mume wake alivyowashangaza asubuhi mpaka wakataka kujua ametengenezewa wapi. Shemeji aliweka kapu chini, akakaa ukingoni mwa benchi. Hakukasirika. Breki alimpa kikombe chake mwenyewe.

– Hilo darasa la ghorofani, shemeji, alisema Breki kwa unyenyekevu. Wanachuchumaa wiki ngapi?

– Darasa gani?

– Viatu vyake vina mikunjo, alisema Gundi. Hapa mbele. Mtu anayechuchumaa kila siku.

Shemeji alivitazama, akacheka kidogo.

– Aa, hiyo. Anawafunga watoto kamba. Mimi natoka alfajiri kwenda kazini, yeye ndiye anayewapeleka shule. Wako wanne. Mdogo anataka afungwe upya akifika mlangoni, na tena akifika getini.

Gundi alikuwa anapiga hesabu. Watoto wanne ni viatu vinane, na mdogo mara tatu, kila asubuhi, mtu mzima na shati lake limenyooshwa amechuchumaa chini. Breki alivua kofia, akaipakata. Ghorofa ya tatu, glasi ya maji, kile kicheko nyuma ya pazia, vyote vilikuwa vya ajabu, lakini hili lilikuwa kubwa zaidi na hapakuwa na la kuongeza.

– Kwani binti mwenyewe alisemaje, aliuliza shemeji, ulipomwambia unataka kwenda?

Rula alimtazama Gundi. Breki alimtazama Gundi. Gundi alitazama mikono yake.

– Ulimwambia? aliuliza Rula, na safari hii sauti yake haikuwa ya ubishi.

Gundi alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa amewaza juu ya koti, juu ya mikono, juu ya kalamu mbili za kaka yake, tangu jana mpaka sasa, na katika mawazo yote hayo binti yake hakusema hata neno moja. Breki aliinamisha chupa juu ya kikombe. Yalitoka matone mawili, na machicha.

– Ni saa kumi kasorobo, alisema shemeji.

Gundi alijifuta mkono kwenye suruali ya mteja bila kujua, akatoa simu. Alilitafuta jina kwa kidole kimoja. Iliita mara moja tu ikapokelewa.

– Baba? Mama yuko salama?

Alikuwa hajawahi kumpigia bila kuwa na mgonjwa au msiba.

– Yuko salama, mwanangu. Watu wote wako salama. Nimepiga tu. Jumamosi. Nataka kuja.

– Kuja wapi?

– Kukuona ukihitimu.

Upande wa pili palikuwa na sauti za watu na viti vinavyoburutwa. Kisha mlango ukafungwa, zikapungua.

– Sekondari nilikuwekea kiti, Baba. Ukasema utakuja. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wote baba yangu anakuja, nikawaonyesha na mahali utakapokaa. Kilikaa kitupu mpaka wakaja kukusanya viti. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Safari hii nikasema nisijiumize. Kwa nini hukuja?

Zamani Gundi angesema kulikuwa na kazi nyingi. Kazi zilikuwepo. Lakini siku ile, anakumbuka vizuri, alifika mpaka getini, akaona wazazi wengine wanavyopeana mikono, akageuka.

– Nilifika getini, alisema. Niliona haya. Mikono yangu ilikuwa michafu, mama. Niliona nitakuaibisha.

Hakujibu upesi. Gundi alitaka kuongeza jambo, ajitetee, alete mzaha, akate simu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama pale pembeni mwa barabara ndani ya koti la mtu na viatu vya mtu, simu ameikandamiza sikioni, akasubiri.

– Mikono yako mimi naijua tangu nizaliwe, Baba, alisema binti. Sauti ilikuwa imelowa. Sikutaka wewe ujilazimishe kwa ajili yangu. Nilidhani hupendi.

– Napenda. Napenda sana.

– Baba mkubwa mwenyewe alisema nikipata mtu mwingine nisimhesabu. Subiri kidogo, usikate.

Gundi alisikia hatua zinakimbia kwenye sakafu, mlango, sauti ya mtu akisema ofisi inafungwa, na binti akisema ni jina moja tu, dada, tafadhali, moja tu. Kisha akarudi, anahema.

– Wanataka majina matatu, Baba. Kama yalivyo kwenye kitambulisho. Taja polepole niandike.

Gundi alijinyoosha, akayataja yote matatu, moja baada ya jingine, akimwachia nafasi ya kuandika. Breki na Rula wamekaa naye benchi hilo miaka kumi na moja. Walikuwa wanayasikia kwa mara ya kwanza.